Ramani ya Nyiragongo Isisinyae

Jioni ya Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka na lava ikateremka hadi Buhene, pembezoni mwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Siku tano baadaye serikali ya jimbo iliamuru wakazi wa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji wahame. Wengi walishika njia ya Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Saa kama hiyo kila familia hutaka kujua nyumba yake iko upande gani wa hatari, na ramani iliyobandikwa ukutani hulijibu swali hilo bila umeme wala mtandao.

Kuichora kumerahisika. QGIS, programu ya bure aliyoianzisha Gary Sherman mwaka 2002, husoma data za barabara na majengo kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mtihani uko kwenye printa.

Kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu hadi kreta ni kilomita kama 19. Kwa skeli ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita moja, hivyo umbali huo huchukua sentimita 76, nao hutosha kwenye karatasi ya A1 yenye urefu wa sentimita 84.1. Lakini printa nyingi hazifikishi wino ukingoni mwa karatasi. Draiva, yaani programu inayoiongoza printa, ikiachwa ijiamulie, husinyaza mchoro mzima ili uenee ndani ya pambizo. Ikipunguza asilimia 5 tu, zile sentimita 76 huwa 72.2. Mstari wa kipimo uliochorwa chini ya ramani husinyaa pamoja nayo, kwa hiyo bado husema kweli. Maandishi "1:25,000" hayabadiliki, na anayeyaamini huku akipima kwa rula hupoteza karibu kilomita nzima. Kwa anayepanga njia ya kuhamisha wagonjwa, hilo ni kosa zito.

Kwa hiyo ukubwa wa karatasi huwekwa mara mbili, kwenye QGIS na kwenye draiva, na uchapishaji hufungwa kwenye asilimia 100. Kwa kuwa Goma iko kwenye longitudo 29 na ushei mashariki, ramani huwekwa katika UTM kanda ya 35 Kusini, mfumo unaohesabu kwa mita. Kisha huchapishwa kipande cha majaribio chenye mstari wa sentimita 10, upimwe kwa rula.

Kuna pia uzito wa faili. A1 yenye nukta 300 kwa inchi hubeba nukta karibu milioni 70, na printa yenye kumbukumbu ndogo inaweza kukwama katikati ya karatasi. Kwa picha ya milima, nukta 150 hupunguza mzigo hadi robo. Barabara zikihifadhiwa kama mistari ndani ya PDF, hazififii.

Rangi nazo hubadilika, maana skrini huchanganya mwanga ilhali printa huchanganya wino. Lava za milipuko ya 1977, 2002 na 2021 zikipewa wekundu wa aina tatu, kwenye karatasi zinaweza kufanana. Ni salama zaidi kila moja ipewe michirizi yake, na ichapwe kwa wino wa pigimenti, unaostahimili maji na jua kuliko wino wa kawaida.