Mtoto Akija kwa Meli ya Watalii

Hapa Kunduchi, karibu na ufukwe, yangalipo magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ambayo waliotutangulia waliyapamba kwa sahani na bakuli za Kichina. Vyombo vile vilivuka bahari kabla ya kuwapo pasipoti, na waliovileta hawakuulizwa viza na mtu. Kwa hiyo mgeni wa baharini si jambo jipya kwetu. Lililo jipya ni kwamba mgeni huyo siku hizi aweza kuwa mtoto wetu wenyewe, aliyezaliwa Mtongani, mwenye pasipoti ya Uingereza au Kanada, anayeshuka bandarini Dar es Salaam kwa saa tisa au kumi tu kabla meli yake haijang'oa nanga.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea karatasi za safari ya namna hiyo baada ya swala ya Ijumaa, kwa kuwa makatibu wa misikiti hugeuzwa wasomaji wa barua za watu. Binti yake anaishi Uingereza na hawajaonana kwa miaka saba. Yeye na mumewe walikuwa wamelipia safari ya meli ya kitalii pamoja na watoto wao wawili, na waliichagua meli hiyo kwa sababu ingegusa Dar es Salaam. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo: abiria atajitafutia mwenyewe viza za bandari zote. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu anakuja kwao. Viza ya nini tena?"

Jibu ni chungu, lakini lazima lisemwe mapema. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza uraia wa Tanzania. Mbele ya ofisa wa Uhamiaji, binti yule ni raia wa Uingereza anayezuru nchi. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, hadhi hiyo huombwa na kutolewa, haimfuati mtu kwa sababu tu mama yake yuko Kunduchi. Binafsi naona ni uzito kumtoza mtu ada ya kumsalimia mzazi wake. Lakini dirisha la Uhamiaji, saa mbili asubuhi, foleni ikiwa nyuma yako, si mahali pa kuijadili sheria.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa meli ni hoteli inayotembea, na kwa kuwa abiria atarudi kulala humo humo, basi tiketi ya meli ndiyo ruhusa ya kushuka. Sivyo. Kila bandari ni mlango wa nchi. Kabla ya meli kufunga gati, wakala wake hupeleka kwa mamlaka orodha ya abiria wote, pamoja na uraia wao na hati zao za kusafiria. Kwa raia wa Uingereza, viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 za Marekani. Raia wa Marekani hulipa dola 100. Ombi hufanywa kwa njia ya mtandao, utaratibu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2018, na ni busara kuliwahisha majuma kadhaa. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, na kila mtoto aombewe yake. Abiria asiye na hati zilizotakiwa aweza kukataliwa kupanda tangu bandari ya kwanza, na aghalabu fedha zake hazirudi.

Hapa nataja jambo dogo ambalo naliona kila mara ninapoandika vyeti vya ndoa. Majina yetu yana sura nyingi. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Fatuma, kwenye pasipoti ni Fatma, na kwenye tiketi amewekwa jina la mume kwa desturi ya huko aliko. Abdalla ameongezewa herufi, Mwanaisha amekatwa na kuwa Aisha. Sisi tunamjua ni mtu yule yule, lakini orodha ya abiria haijui. Viza, tiketi na pasipoti zifuate herufi zile zile, hata kama waliokosea ni waandikaji wa miaka thelathini iliyopita.

Kisha kuna homa ya manjano, na hili ndilo linalowakuta wengi bila kutarajia. Uingereza haimo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo anayetoka huko moja kwa moja haulizwi cheti. Lakini meli haiji moja kwa moja. Ikiwa imepitia Mombasa, Kenya imo katika orodha ya nchi hizo, na Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa kila mgeni wa umri wa mwaka mmoja au zaidi anayetoka katika nchi za namna hiyo. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku kumi, hivyo haifai kukumbukwa meli ikiwa safarini. Cheti chenyewe, tangu mwaka 2016, kinatambulika kwa maisha yote. Na Mombasa kwenyewe, Kenya iliondoa viza mwanzoni mwa mwaka 2024 na mahali pake ikaweka idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni wa kigeni awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44. Binti aulize mapema wakala wake wa safari juu ya kila bandari, asitosheke na kuuliza ya Dar es Salaam peke yake.

Atakayeona kuwa nazidisha tahadhari na aitazame meli ya Norwegian Dawn, iliyofika Dar es Salaam Januari 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Mwezi uliofuata meli hiyo hiyo ilizuiwa kuingia Port Louis, Mauritius, kwa kuwa baadhi ya abiria walikuwa na maradhi ya tumbo na palikuwa na hofu ya kipindupindu. Abiria wakangoja baharini hadi vipimo vilipoonyesha kuwa si kipindupindu. Mwezi Machi, huko São Tomé, watu wanane waliochelewa kurudi kutoka matembezini waliachwa ufukweni. Wakahangaika nchi kwa nchi kuifukuza meli, wakaikosa Gambia, na kuipata Senegal. Katika hali kama ile, desturi ya kampuni ni kukabidhi pasipoti za walioachwa kwa wakala wa meli bandarini, iwapo zitapatikana vyumbani mwao.

Kisa hicho ndicho nilichomsomea yule mama, kwa sababu alikuwa amekwisha kupanga pilau, dufu na majirani wote. Kutoka bandarini hadi Kunduchi ni zaidi ya kilomita 20, na barabara ya Bagamoyo mchana haina ahadi na mtu. Katika saa kumi za meli kukaa gatini, ukaguzi wa hati hula moja au mbili asubuhi, na abiria hutakiwa kuwa ndani ya meli kabla ya saa ya kuondoka. Ndugu hawaruhusiwi kufika gatini. Watangoja nje ya lango. Tulipiga hesabu pamoja, tukaona kwamba kinachobaki ni saa nne za kukaa na mtoto, ikiwa njia itafunguka. Mama alipendekeza yeye ndiye aende mjini, kwa dada yake anayeishi Upanga, na pilau ipikwe huko.

Binti ameelezwa kwamba atakaposhuka achukue pasipoti yenyewe ikiwa meli haikuishika. Ikiwa imeishika, achukue nakala yake, kadi ya meli na cheti cha chanjo. Namba ya simu ya wakala wa meli hapa Dar es Salaam aiandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika. Namba hiyo hiyo mama yake ameibandika jikoni.