Kuitika Jina Tu Hakutoshi: Daktari, Uzembe na Sheria

Siku moja nilimsindikiza mjomba hospitali, katoka Msimbati na goti lake. Nesi akaita jina, wakasimama wazee wawili. Watu tukacheka, si mnajua majina yetu ya huku Pwani yanavyofanana! Mjomba akapewa faili. Kufika nje nasoma: mgonjwa wa sukari. Mjomba hana sukari. Tukarudi, ikarekebishwa, yakaisha. Lakini jasho lilinitoka, maana nilikumbuka ya Muhimbili.

Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa baadaye alifariki. Nchi nzima ilishtuka.

Sasa, kisheria uzembe wa daktari ni nini hasa? Wengi tunadhani mgonjwa akifa tu, basi daktari kazembea. Sivyo jamani. Mlalamikaji anatakiwa aonyeshe mambo matatu: kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba alifanya chini ya kiwango cha daktari makini wa fani ile, na kwamba madhara yalitokana na hilo. Mama akiletwa kutoka Kilambo kachelewa, daktari akafanya kila linalotakiwa na bado akampoteza, huo ni msiba, si uzembe. Kupasua kichwa cha mtu wa goti, hapo hakuna ubishi.

Ndiyo maana daktari hamalizi shule siku ya kuhitimu. Sheria ya taaluma ya udaktari ya 2017 inamtaka aendelee kujifunza, na somo la sheria ni muhimu kama la dawa mpya. Ajue kuandika faili kwa tarehe na saa, maana mahakamani faili ndiyo shahidi. Ajue kumweleza mgonjwa hatari kabla hajasaini. Ajue kujaza PF3 vizuri, kwani kesi ya kupigwa au kubakwa inaweza kuanguka kwa maandishi mabovu.

Na mafunzo yanaokoa watu kweli. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vipengele 19 ya kusoma kwa sauti kabla na baada ya upasuaji: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande gani. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo Ifakara hapa kwetu. Matokeo ya 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi tu hiyo!

Na wewe je, ukiumizwa? Unaweza kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina uwezo wa kumfutia daktari usajili. Fidia ni mahakamani, ndani ya miaka 3. Kama hospitali ni ya serikali, kwanza unatoa notisi ya siku 90. Tunza karatasi zako zote.

Mjomba siku hizi akiitwa haitiki tu. Anataja majina yake matatu, kijiji, na goti lenyewe, la kushoto. Manesi wanamcheka. Acha wacheke.

Haya, nanyi yamewahi kuwakuta? Semeni hapo chini, ila msitaje majina ya watu.