Kioo cha simu kikipasuka: tazama kidole, tazama na betri

Ndugu wafanyakazi, akina mama wa kambini, na ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu kabla ya baba zenu,

Asubuhi moja mfanyakazi wa shimoni aliingia dispansari akiwa amefunga kidole gumba kwa kitambaa. Nikamwuliza: "Ni jiwe, mukubwa?" Akacheka. "Hapana, dokta. Ni simu iliniuma." (Mimi si dokta, mimi ni msaidizi wa muganga, lakini kwetu Uvira kila anayeshika sindano ni dokta.)

Kidole kilikuwa chekundu, kimevimba, kina usaha. Kwa majuma matatu alikuwa akikipitisha kila siku juu ya kioo kilichopasuka. Kipande chembamba kama mwiba wa ndagala kiliingia, naye akaona ni kitu kidogo, akaendelea na kazi. Nilikitoa, nikaosha kidonda, nikamdunga sindano ya pepopunda. Kisha nikamwomba anionyeshe hiyo simu yenye meno.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kona moja ilikuwa na nyufa, ndiyo. Lakini upande wa pili kioo kilikuwa kimeinuka, kimeachana na mwili wa simu, naye alikuwa amekifunga kwa vipande viwili vya mpira wa baiskeli. "Upande huu nao ulianguka?" "Hapana, dokta. Huo ulijiinua wenyewe. Nimeukaza tu. Usiku mtoto anatazama picha ndani yake mpaka analala nayo." Niliacha pansima mezani, nikatoa ile simu nje, nikaiweka ndani ya beseni la mchanga.

Je, kwa nini niliogopa upande usioanguka kuliko ule ulioanguka? Tuelezane.

Kioo cha simu si kioo cha dirisha. Kiwandani hukitumbukiza katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka kwa moto wa digrii 400 hivi. Chembe za sodiamu zilizo juu ya kioo hutoka, na mahali pao huingia chembe za potasiamu zilizo kubwa zaidi. Basi ngozi ya kioo hubanwa kama watu waliojazana ndani ya gari la kwenda Bukavu, na ufa hukosa nafasi ya kufunguka. Ndiyo maana simu huanguka mara kumi bila kitu. Lakini kila mara inapogusana na mchanga mfukoni hupata mkwaruzo mdogo, na siku moja inaangukia kona juu ya jiwe, basi yamekwisha. Ninyi mnaopasua mwamba mnajua: nyundo ya mwisho si yenye nguvu kuliko zote.

Chini ya kioo hicho kuna utando mwembamba usioonekana, unaosikia kidole. Ndani yake mna indiamu na bati. Bati hutoka katika kasiteriti, jiwe lile lile linalochimbwa katika milima yetu ya Kivu. Nasema hivi ili mtu asidhani simu ni uchawi wa mbali. Sehemu yake ilianza kwa sururu ya mtu kama wewe.

Kama kioo cha juu tu ndicho kilichopasuka, picha inaonekana na kidole kinasikika, simu bado inafaa, lakini usiitumie mikono mitupu. Bandika skochi pana juu ya kioo chote leo hii, si kesho. Itazuia vipande visitoke mpaka upate pesa ya fundi. Usiiweke shavuni wala usimpe mtoto mdogo, maana mtoto huonja kila kitu. Usipulize vumbi la kioo kwa mdomo, litarudi machoni. Tena simu yenye ufa haizuii maji hata kama ilipouzwa walisema inazuia. Jasho linatosha kuiingia. Ukiona doa jeusi linalotanuka kama wino, kioo cha ndani nacho kimekufa. Maji yake yakikugusa, nawa kwa sabuni. Wengine huniuliza kama miale mibaya hutoka katika ufa. Hapana. Kinachotoka ni vipande vya kioo, na hivyo vinatosha.

Kipande kikiingia kidoleni, nawa kwanza, kaa penye mwanga, kitoe kwa kibano kilichopanguswa kwa alkoli, ukivute kwa njia ile kilimoingilia. Usichimbe kwa pini. Kama kimezama, au kidole kinavimba, njoo kwetu siku hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa sukari asijaribu nyumbani hata kidogo.

Kikiingia jichoni, usisugue! Mimina maji mengi safi, jicho likiwa wazi. Nimewaona wachimbaji wakitoa vumbi la jicho la mwenzao kwa ncha ya kitambaa, hata kwa ulimi, na akina mama wakitia maziwa ya titi. Nia ni njema, lakini kioo hukata jicho kila kinaposukumwa. Kama kimekwama, usikivute. Funika kwa kikombe safi bila kukandamiza, uje mbio.

Sasa ule upande uliojiinua. Betri ya simu ni karatasi mbili za madini zilizokunjwa pamoja, katikati yake utando mwembamba sana wa plastiki unaozitenganisha, na zote zimefungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Betri ikizeeka, ikipata joto kali, ikichajiwa kwa chaja mbovu au ikiumia katika kuanguka, dawa zilizo ndani huharibika na kutoa gesi. Gesi haina mlango. Mfuko huumuka kama mandazi na kusukuma kioo juu. Watu husema: "Gundi imeachia." Si gundi, ndugu! Ukikaza kwa mpira, ukilaza jiwe juu yake, ukichoma kwa kisu ili hewa itoke, utando wa ndani unaweza kutoboka. Karatasi zikigusana, joto hupanda kwa ghafla, moto hutoka, na moshi wake ni sumu kwa mapafu.

Jua letu la ziwani nalo linasaidia shetani. Simu iliyoachwa juu ya mtumbwi Kalundu saa sita, au nyuma ya kioo cha gari, hupikwa. Umeme nao unakuja na kukatika, basi mtu akipata usiku mmoja wenye umeme anachaji chini ya mto wa kulalia, mahali joto halitoki.

Kwa hiyo kioo kikijiinua, au mgongo wa simu ukivimba, zima, chomoa chaja, usichaji tena hata dakika moja. Toa laini yako uiweke katika simu ndogo ya vitufe, ili pesa zako za simu zisikwame. Na fundi asipewe nambari yako ya siri. Simu weka nje, juu ya mchanga au saruji, mbali na watoto na nguo. Ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, toa watu kwanza. Betri mbovu usitupe chooni wala ziwani, maji yale tunayachota. Wala katika takataka zinazochomwa.

Jambo la maji nalipita haraka. Baada ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 wengi walizika simu ndani ya mchele. Mchele hausaidii, na vumbi lake huingia ndani. Zima, pangusa, iache penye upepo, usichaji mpaka ikauke kabisa.

Na wewe fundi kijana wa sokoni, unayepasha kioo moto na kusafisha kwa mafuta ya petroli: fanya hivyo nje, mbali na jiko, na uvae miwani. Baba yako shimoni amepewa miwani kwa ajili ya vipande vya jiwe. Vipande vyako ni vidogo kuliko vyake na huvioni vikija.

Yule mwenye kidole alirudi siku ya tatu kubadilishwa pansima. Fundi alikuwa amefungua simu: betri ilikuwa imevimba, nene mara mbili ya mpya. Alilipia betri kwanza. Kioo kinangoja mshahara, na skochi iko juu yake. Nilimwuliza mtoto analala na nini sasa. "Analala na mdogo wake," akasema, "na wanagombana."