Kuchagua herufi za karatasi zetu za ibada

Hapa Kilo, karatasi ya ibada huchapwa nakala moja Bunia, kisha hutolewa fotokopi, na mara nyingi fotokopi ya fotokopi. Inasomwa ndani ya kanisa lenye mwanga mdogo, na mama aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Huyo mama ndiye tumfikirie tunapochagua umbo la herufi, lile tunaloita kwa Kifaransa "police" (si wale wa barabarani).

Tuchukue neno "Ilikuwa". Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana. Anayeanza kusoma hukwama pale pale, anaona haya mbele ya watu, na juma linalofuata hataki tena kusoma. Kwa kanisa linalotaka kila Mkristo asome Neno mwenyewe, si jambo dogo.

Shirika la SIL limetengeneza police iitwayo Andika, kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Jina lake ni neno letu la Kiswahili. Ndani yake I, l na 1 zinatofautiana. Kwa maandishi marefu sisi tunapenda Charis SIL ya shirika hilo hilo. (Charis ni "neema" kwa Kigiriki.) Umbo lake limetoka katika Charter, ambayo Matthew Carter aliichora mwaka 1987 akifikiria mashine za kuchapa zenye uwezo mdogo. Ndiyo maana mistari yake inavumilia fotokopi kuliko ile myembamba ya Times New Roman. Zote mbili ni bure, na leseni yake inaruhusu kuzinakili na kugawia wengine.

Tena, Lingala sanifu ina ɛ na ɔ, na lugha kadhaa za Ituri zina vokali zaidi ya tano. Police nyingi za mapambo hazina herufi hizo: panatokea kisanduku kitupu, au mwandishi anaweka e tu na neno linageuka. Andika na Charis zinazo. Lakini kompyuta ya mchapaji huenda haina police hizo, basi hifadhi kazi kama PDF kabla ya kuipeleka, ili police isafiri pamoja na maandishi.

Ukubwa usishuke chini ya 12. Kwa nyimbo, 14. Karatasi ikijaa, afadhali kupunguza ubeti mmoja. Kwenye kalikoti ya semina, mapambo yabaki kwenye kichwa. Tarehe na mahali viandikwe kwa herufi nene za kawaida, maana wengi watazisoma wakipita juu ya pikipiki.