Mbiu Isiyolia

Diski ina nafasi tele, lakini kompyuta inasema nafasi imekwisha. Waandishi wengi wa programu kwenye Linux wanaujua ujumbe huu: unafuta faili, unamwaga takataka, nao haubanduki. Kumbe diski haina kosa. Kilichokwisha ni idadi ya malindo uliyoruhusiwa.

Lindo ni ombi ambalo programu huipa kerneli, kiini cha mfumo endeshi: folda hii ikiguswa, niarifu. Bila malindo, programu ya kutunza nakala za faili ingebidi izunguke diski nzima kila mara, ikila betri. Kwenye Linux kazi hii hufanywa na inotify, iliyoingia katika toleo la 2.6.13 mwaka 2005. Mtangulizi wake, dnotify, alitaka kila folda inayolindwa ibaki imefunguliwa, hivyo flashi iliyowekewa lindo ilikuwa haikubali kuondolewa.

Kero hiyo ilikwisha, lakini lindo moja la inotify hutazama folda moja tu. Folda zilizo ndani yake hazimo. Mradi wenye folda 50,000 unahitaji malindo 50,000, na kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha mtumiaji kilikuwa 8,192. Tangu toleo la 5.11 la mwaka 2021, kerneli hupanga kikomo kwa kuangalia ukubwa wa memori, hadi 1,048,576. Kikifikiwa, kerneli hurudisha kosa lile lile la diski iliyojaa. Naona huko ni kumkosea mtumiaji: kosa la kikomo lilistahili jina lake lenyewe.

Hata hivyo kikomo huongezwa kwa amri moja. Kigumu zaidi ni muda. Programu inaarifiwa kwamba folda mpya imeundwa, inakimbilia kuiwekea lindo, na kabla haijamaliza, programu nyingine imekwisha kuandika faili tatu humo. Faili hizo hazipigiwi mbiu. Dawa ni kuweka lindo kwanza, kisha kuorodhesha yaliyomo. Pengine faili moja utaiona mara mbili, na ni heri mara mbili kuliko kutoiona kabisa.

Halafu kuna foleni ambamo matukio husubiri kusomwa na programu. Kwa kawaida inabeba matukio 16,384. Fungua kifurushi kikubwa cha faili na matukio yatamiminika. Msomaji akichelewa, foleni hujaa, kerneli hutupa yanayofuata na kuacha alama moja tu: foleni imefurika. Haisemi nini kimepotea. Wengi huilaumu, nami hapa naitetea. Ikihifadhi kila tukio bila kikomo, programu moja iliyozubaa itamaliza memori ya mashine. Ikiwasimamisha wanaoandika ili wamsubiri msomaji, kompyuta nzima itaganda kwa sababu ya programu ya kupanga picha. Kutupa, na kukiri kwamba imetupa, ndiyo njia ya haki.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwenye kerneli, mbiu isipolia pia huenda kuna jambo. Faili iliyo kwenye seva ya mbali ikibadilishwa na kompyuta nyingine, kerneli yako haikuwepo, itaarifu nini? Faili iliyounganishwa moja kwa moja na memori ikiandikwa humo, inotify hukaa kimya. Wala haimtaji aliyeigusa faili. Kwa hilo kuna fanotify, inayotoa namba ya mchakato uliohusika na inayoweza kulinda mfumo mzima wa faili kwa ombi moja.

Muundo ninaouheshimu zaidi ni FSEvents ya Mac, ya mwaka 2007. Ilipotoka haikutaja faili. Ilitaja folda tu, na programu ikaenda kujionea yenyewe. Huweka pia daftari kwenye diski, ili programu iliyokuwa imezimwa iulize yaliyotokea ilipokuwa haipo. Na hesabu ikiipotea, hutuma alama yenye maana moja: kagua folda hii na zote zilizo chini yake.