Kumtunza Mbwa Kabla na Baada ya Kuondolewa Uvimbe

Mfugaji, mbwa anayelinda boma lako akiota uvimbe chini ya ngozi, usiutumbue wala kuuchoma kwa chuma cha moto. Mwite daktari wa mifugo aupime mapema. Uvimbe ukiwa bado mdogo, upasuaji huwa mwepesi na kidonda hupona upesi.

Kabla ya upasuaji
• Mbwa mkubwa asile kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo. Mfunge asiokote mabaki. Akiwa ameshiba anaweza kutapika usingizini, matapishi yakaingia mapafuni. Maji anywe hadi asubuhi.
• Mweleze daktari kama ana mimba au alipewa dawa yoyote.

Baada ya upasuaji
• Mlaze kivulini, mahali pakavu, hadi azinduke kabisa. Ndipo umpe maji kidogo, kisha chakula kidogo.
• Kagua mshono asubuhi na jioni. Usipake majivu, samadi wala dawa ya kuogeshea mifugo. Zuia asiulambe.
• Usimpe dawa za maumivu za binadamu, zinaweza kumuua.
• Baada ya siku chache ataonekana mzima na kutaka kufuata mifugo. Usimfungulie! Akikimbia, mshono huachia. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Hadi hapo, pangeni zamu ya kulinda boma usiku.

Ukiona usaha, harufu mbaya, funza, damu isiyokoma, au akigoma kula, mwite daktari siku hiyo hiyo.