Kuvuta Orodha ili Kuihuisha: Ishara ya Kidole Penye Mtandao Hafifu

Makala haya yanaeleza namna ya kuongeza ishara ya kuvuta ili kuhuisha katika orodha ya programu ya simu. Mtumiaji akiwa juu kabisa ya orodha huiburuta chini kwa kidole, huiachia, na programu huomba taarifa mpya kutoka kwenye seva. Akiwa katikati ya orodha, kuburuta huko huisogeza tu. Ishara hii ilibuniwa na Loren Brichter, Mmarekani aliyeitumia katika programu yake ya Tweetie, iliyonunuliwa na kampuni ya Twitter mwaka 2010. Apple iliiingiza katika iOS 6 mwaka 2012. Leo msanidi wa Android hahitaji kuiunda upya: huizungushia orodha yake kijenzi kiitwacho SwipeRefreshLayout, kisha huandika kitakachofanyika orodha ikivutwa.

Ugumu haumo katika kuvuta, bali katika kinachofuata. Chukulia mkulima wa maharage wa Munanila, katika nyanda za juu za Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, anayetazama orodha ya bei kabla ya kumjibu mnunuzi aliyesimama mlangoni. Anavuta, kiduara kinazunguka, mtandao unakatika. Programu iliyoandikwa kwa haraka hufuta orodha ya zamani kabla ya kupata mpya, naye hubaki na skrini tupu. Mbaya zaidi ni ile inayosimamisha kiduara kimyakimya, kana kwamba ombi limefaulu: bei ya juzi huonekana kuwa ya leo, na gunia huuzwa kwa bei hiyo.

Kwa hiyo orodha ya zamani ihifadhiwe ndani ya simu, isibadilishwe mpaka jibu kamili lipokewe. Ombi liwekewe ukomo wa muda. Ukomo ukipita, kiduara kisimame na maneno mafupi yaseme kuwa taarifa mpya hazikupatikana. Juu ya orodha paandikwe tarehe na saa ya mara ya mwisho taarifa zilipopokewa. Mstari huo mmoja, kwa maoni ya mwandishi, una thamani kuliko ishara yenyewe. Mtumiaji akivuta tena kabla ombi la kwanza halijajibiwa, programu isitume ombi jingine, maana kila ombi hula kifurushi cha intaneti alichokilipia. Seva nayo itume bei zilizobadilika tu.

Tena ishara hii haina alama yoyote kwenye skrini. Asiyeonyeshwa hatajua kuwa ipo, na mwenye ulemavu wa mikono huenda asiiweze. Kitufe chenye maneno "Onyesha upya" kibaki kwenye menyu.